Choo cha Akoth

Vijana wa maabara, juzi mlinikatia keki, mkanifunga kanga mbili, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu akistaafu ndipo anapoanza kuhitaji kujua saa. Mmoja wenu akasimama akasema mimi nilikuwa nguzo ya maabara. Nguzo hukaa mahali pamoja, mwanangu. Mimi nimekimbizana na vinyesi kutoka Muhoroni hadi Kombewa. Lakini asanteni, keki ilikuwa tamu.

Kuna aliyeniuliza swali siku ile na sikumjibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Aliuliza: kwa nini hapa kwetu sampuli ikifika mlangoni, kabla ya jina, kabla ya umri, lazima mpokeaji aulize, "Miguu mingapi?" Wageni wakisikia hucheka, na wengine hudhani tunawatania. Basi niwaandikie. Swali hilo lilitokana na ng'ombe mmoja wa Seme aliyeponea chupuchupu, na bibi mwenye ng'ombe huyo, ambaye alichukua jina langu rehani akakaa nalo mpaka mwezi uliopita.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapa hapa Kisumu. Kwetu mtu akitaja choo wakati wa kula alitolewa nje na sahani yake. Nilipopata kazi, mama alitangaza mtaa mzima kwamba bintiye ni daktari. Shangazi Mwanaidi, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulikagua, akauliza, "Daktari wa nini?" Nami kwa ujinga wa ujana nikajibu ukweli: "Wa kuhara, Shangazi." Tangu siku hiyo mahamri yangu yakipelekwa kwa jirani sikukuu ya Idi, yalirudi yote na shukrani nyingi. Nikazoea kuyala mwenyewe.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Odera. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa mwembamba, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limekuwa rangi ya majivu, na alikuwa na tabia ya kuongea na chupa. Siku ya kwanza hakunionyesha ofisi wala kunitambulisha kwa mtu. Alinipa chupa bapa yenye maji mekundu, ndani yake seli hai zimejitandaza chini kama ukoko wa wali, akasema, "Hawa ni watoto wako. Wape chakula, wabadilishie maji. Ukiwasahau Jumamosi, Jumatatu unafanya matanga." Niliwasahau Jumamosi. Jumatatu alivaa kofia nyeusi, akanipa pole mbele ya watu wote.

Kwenye chupa zile ndiko nilikojifunza virusi vya adeno. Unatia tone la kinyesi kilichochujwa juu ya seli, unasubiri. Kama virusi vimo, seli zinavimba, zinajikunja, zinashikana vichala kama mayai ya samaki. Mzee Odera alikuwa akiangalia kwenye darubini na kusema, "Wamekuja wageni." Wageni hao kila mmoja ana kwao. Wapo wanaoharisha watoto wetu, wapo wanaotia watu macho mekundu na mafua, wapo wa ng'ombe, wapo wa mbwa. Niliwahi kutumwa Muhoroni kwa mama mmoja ambaye kuku wake walikuwa wanakufa mmoja mmoja, naye akiapa ni mke mwenzake amewaroga. Maini ya wale kuku yalijaa virusi vya adeno vya kuku. Tukamsafisha mke mwenza jina. Hawakusemezana hata hivyo, maana walikuwa na sababu nyingine.

Mzee Odera alikuwa na sheria mbili, na zote mbili mnazitumia bila kujua zimetoka wapi. Ya kwanza ni shahidi. Kila mara tukipima, lazima kijibomba kimoja cha kupimia kiwe na maji matupu, yasiyo na virusi. "Maji yakinyamaza," alisema, "wengine wanasema kweli. Maji yakisema, nyote waongo, mnaanza upya." Ya pili ni kwamba friza ya sampuli si friza ya nyumbani. Kuna mwenzetu alipita soko la Kibuye asubuhi, akanunua kipande kizuri cha samaki wa mbuta, akakiweka kwenye friza yetu mpaka jioni. Mzee Odera alikikuta. Hakugomba. Alikibandika lebo, akakitia kwenye mfuko mwekundu wa takataka, akakiingiza kwenye mashine ya mvuke inayoua kila kitu, akakingoja kwa adabu zote. Kisha akamkabidhi mwenyewe mfuko na kusema, "Sasa imeiva."

Yeye alistaafu, mashine mpya zikaja. Hatukungoja tena seli zivimbe. Mashine inanakili kipande cha jeni mpaka kinaonekana, na ukitaka kujua huyo mgeni ni wa ukoo gani unakipeleka kikasomwe herufi kwa herufi. Akaja pia Daktari Kilonzo, mkubwa wetu mpya, mtu wa Machakos, mwerevu, mwenye haraka, na mpole kuliko alivyopenda ijulikane. Yeye ndiye aliyetaka tutafute virusi vya adeno kwa watu na mifugo katika maboma yaleyale, tuone kama vinavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Fikra nzuri kabisa. Kasoro ilikuwa gari. La kwetu lilikuwa limekufa, tukaazima la watu wa mifugo, jeupe, lenye ng'ombe mkubwa amechorwa kwenye kila mlango.

Kwa gari hilo nikafika bomani kwa Nyar Uyoma, ndani kidogo kutoka Kombewa, mahali ambapo ziwa unalisikia kabla hujaliona. Nyar Uyoma ndivyo walivyomwita, binti wa Uyoma aliyeolewa Seme, mjane, mrefu, mwenye macho yanayokupima kama fundi cherehani. Alikuwa akilea mjukuu wake Akoth, mtoto wa kike wa umri wa kuanza kutembea, mama yake anafanya kazi Nairobi. Boma lilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama. Nilimkuta mtoto amekaa mlangoni, amebana kikombe cha bati kwa mikono miwili, masharubu ya maziwa yamemfika puani. Alikuwa ametoka kuhara wiki nzima. Zahanati walimtibu vizuri akaanza kurudi mwili, na kilichokuwa kikimrudisha ni maziwa yale.

Nilimsalimia Nyar Uyoma, nikaeleza kazi yetu kwa Kiswahili changu cha Kaloleni, nikampa kikopo kisafi.

"Mama, naomba kesho asubuhi uniwekee choo cha Akoth."

Aliangalia kikopo. Akaangalia gari. Akaniangalia mimi, kutoka mtandio mpaka viatu.

"Choo ya Akoth?"

"Cha Akoth, Mama."

"Sawa. Utapata."

Na nilipata, kikopo kimefungwa vizuri sana ndani ya jani la mgomba.

Majibu yalipotoka, maji ya shahidi yalinyamaza kimya, na Akoth akasema kwa sauti. Virusi vya adeno vimo. Tulipeleka vikasomwe ukoo, na ukoo uliporudi Daktari Kilonzo alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Virusi vya ng'ombe. Ndani ya mtoto wa watu! Nilirudia kupima kwa mkono wangu, nikatumia vijibomba vipya na chumba kingine, maji yakanyamaza tena. Daktari alianza kutembea kwenye korido akiongea peke yake. Simu zikapigwa Nairobi. Kikaitwa kikao, na wakubwa ambao hawakuwahi kufika Kombewa wakaamua kwamba ng'ombe yule na ndama wake waletwe, wachinjwe, wapasuliwe kila kiungo, ijulikane virusi vimevukaje. Bibi angepewa mbuzi wawili.

Mimi nikafikiria kile kikombe cha bati. Mtoto aliyetoka kuhara, anyang'anywe maziwa yaliyomsimamisha, apewe mbuzi ambao hata hatukujua wana maziwa au wana ndevu tu. Niliumia, nawaambia. Nikamwendea Daktari, nikamwambia, "Kabla ya kisu, twende tukamwone mtoto. Twende mimi na wewe." Alikubali, na naamini hata yeye alikuwa anatafuta sababu.

Tulimkuta Nyar Uyoma anaanika omena, dagaa wa ziwani. Alituletea stuli. Dereva wetu Ouma, mtoto wa hukohuko Seme, akabaki ameegemea mlango wa gari, begani kwa ng'ombe aliyechorwa. Daktari akatoa kalamu.

"Mama, Akoth anaendeleaje?"

"Akoth ako sawa. Amepona kabisa. Anaruka ruka tu."

"Anakula vizuri?"

"Yawa! Anakula mpaka vitu si yake. Jana amekula nguo ya jirani kwa kamba."

Kalamu ikasimama. "Amekula nguo?"

"Petikoti. Nusu tu, lakini mwenyewe alikuja hapa na kelele kama amekula yote."

Daktari akanitazama, akaandika. Kule garini Ouma akaanza kukohoa.

"Na bado ananyonya?"

"Ananyonya. Lakini siku hizi anagonga mama yake na kichwa, mama anamrushia teke."

"Pole sana. Lakini mama yake si yuko Nairobi?"

"Nani amekudanganya?" Nyar Uyoma akanyoosha kidole penye uzio. "Mama yake ni huyo hapo."

Pale penye uzio ng'ombe aliacha kucheua, akatutazama kwa utulivu kama mtu anayengoja kutambulishwa. Pembeni yake ndama akainua kichwa, uzi wa petikoti unaning'inia mdomoni. Na wakati huohuo mjukuu akatoka ndani na kikombe chake. Ouma alikuwa ameshakaa chini, ameshika tumbo.

"Mama," nikasema polepole, "Akoth ni nani?"

"Akoth ni wawili. Huyu alizaliwa mvua inanyesha, na huyo alizaliwa mvua inanyesha. Sasa mvua inanyesha, nimuite Achieng'?"

Kwa wasiojua Kijaluo, Achieng' ni aliyezaliwa jua likiwaka. Hoja yake haikuwa na pa kuishika.

"Lakini mimi niliomba choo cha mtoto!"

"Wewe uliomba choo ya Akoth. Na ulikuja na gari ya ng'ombe."

Nilimwogopea Daktari Kilonzo. Aliinuka, akaenda hadi penye uzio, akasimama mbele ya ndama kwa muda, mikono nyuma. Tukaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka machozi yalikuwa yakimtoka kweli, lakini kwa kicheko, akasema, "Bi Zubeda, nilikuwa nimeshachagua tai ya kuvalia mkutanoni." Hapohapo akapiga simu Nairobi kusema ng'ombe hachinjwi, kwa kuwa virusi vya ng'ombe vimepatikana ndani ya ng'ombe, jambo ambalo halijawahi kumshangaza mtu. Na njiani kurudi ndipo alipotoa amri ile: kuanzia kesho, sampuli haiingii mlangoni kabla haijaulizwa miguu. Najua kuku naye ana miwili. Ndiyo maana swali la pili ni, "Manyoya je?"

Hayo mlikuwa mnayajua nusunusu. Haya yafuatayo hamyajui.

Wakati Daktari anacheka na ndama, Nyar Uyoma alinivuta jikoni kwake, akanipa uji, akangoja nimeze.

"Bi Zubeda. Unafikiri mimi sijui mtu na ng'ombe?"

Uji ukanipalia.

"Wewe ni mgeni," akasema. "Sijui nyumba yenu, sijui mama yako. Unataka choo ya mjukuu wangu, uweke kwa barafu, uende nayo Kisumu. Huku mtu akitaka kumaliza mtoto yako anaanza na kitu kama hiyo. Nikaona, huyu mama ana adabu, nisimnyime. Lakini pia nisimpe. Nikakupa ya Akoth."

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana nilimkumbuka mama yangu Kaloleni, akikusanya kila unywele uliobaki kwenye kitana chetu na kuuchoma, ili mtu asiuokote. Mimi nilikulia humo, kisha nikasoma, nikavaa koti jeupe, nikazunguka vijiji nikiomba watu wanipe kitu ambacho mama yangu asingempa hata jirani. Wala sikuwahi kufikiria kwamba naomba kitu kikubwa. Nikamweleza yote: kwamba ng'ombe wake karibu achinjwe kwa sababu ya kile kikopo, na kwamba bado nahitaji choo cha mtoto, kwa sababu virusi hivi huweza kukaa tumboni hata kuhara kukikoma, na nataka kujua ni ng'ombe au ni kitu cha kawaida. Bila hivyo, kesho mwingine atakuja na kisu akiuliza swali lilelile.

Alifikiri. Kisha akasema, "Ukichukua kitu ya mjukuu wangu, mimi pia nitakaa na kitu yako."

"Kitu gani, Mama?"

"Jina. Hiyo ng'ombe ikizaa tena jike, itaitwa Zubeda. Siku utaniambia choo ya Akoth imeisha, hakuna mtu anayo, nitakurudishia jina yako. Na hii mtoto ikipata mabaya kwa sababu yako..." Akamtazama ng'ombe kupitia mlangoni, akapitisha kidole shingoni taratibu.

Nikasema, "Sawa, Mama." Mlitaka niseme nini?

Kesho yake nilipewa choo cha Akoth wa miguu miwili, na nilikiangalia kinavyofungwa. Virusi vya adeno vilikuwamo, vya kibinadamu, vilevile vinavyoharisha watoto dunia nzima, Seme na ng'ambo. Ng'ombe hakuhusika hata chembe. Daktari Kilonzo aliguna, akakunja tai yake. Mimi nilirudi mwenyewe kumwambia Nyar Uyoma, naye alisikiliza, akasema, "Si ningekuambia," akaenda kukamua.

Ng'ombe alizaa jike. Nawaambia, hakuna adhabu kama kuishi na jina lako liko Seme. Simu zilikuwa zinakuja wakati wowote. "Zubeda amevunja uzio." "Zubeda amelala shambani kwa watu." Siku moja mume wangu Salim ndiye aliyepokea, akakuta sauti ya kike inapiga kelele kwa furaha, "Zubeda amezaa!" Aliweka simu chini polepole, akaniangalia nikiwa nachambua mchele, akauliza, "Na mimi nilikuwa niambiwe lini?"

Mwezi uliopita, kabla ya keki, nilimwomba mkubwa wa sasa ruhusa, akaniwekea sahihi. Nikafungua friza, nikamtoa Akoth. Kijibomba kidogo, barafu imemkaa begani. Baadhi yenu mliniona nikikishika mkononi muda mrefu, mkadhani nimesahau nilichofuata. Nikakitia kwenye mfuko mwekundu, nikakiingiza kwenye mashine ya mvuke, nikangoja kwa adabu kama Mzee Odera alivyomngojea mbuta. Mashine ilipolia nikasema peke yangu, "Sasa imeiva," na machozi yakanitoka, sikujua yametokea wapi. Nikapiga simu Seme.

"Mama, choo cha Akoth kimeisha. Hakuna mtu anacho."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa," akasema, na kukata simu.

Jumamosi iliyofuata pikapu ilisimama nje kwetu Kaloleni, mtaa mzima ukatoka kuangalia. Aliyeshuka kwanza ni msichana mrefu mwenye sare ya shule ya upili, akanipa mkono kwa heshima, na nikamjua kwa macho ya kupima ya bibi yake. Huyo ni Akoth. Nyuma yake akashuka Nyar Uyoma, mzee sasa, fimbo mkononi. Kisha wakamshusha ng'ombe mwekundu, mzee naye, lakini mnene bado, mwenye maringo.

Nyar Uyoma alinikabidhi kamba. "Umetunza yangu," akasema, "nimetunza yako. Hiyo jina yako."

Nilimkumbatia, nikalia wazi mbele ya majirani na mbele ya Shangazi Mwanaidi, ambaye bado yu hai na bado anakagua. Na hapo hapo, juu ya kizingiti changu kilichopigwa deki asubuhi ileile, ng'ombe akainua mkia, akaachia sampuli kubwa kuliko zote nilizopokea maishani mwangu, na sina hata kikopo.

Nyar Uyoma akaitazama, akanitazama.

"Hiyo ni choo ya Zubeda," akasema. "Sasa angalia vizuri utampa nani."